Shukrani kwa Mchawi wa Ziwani

Yanayosemwa mjini Drumkeelan juu ya marehemu Daktari Fintan Gilhooly si kweli. Hakuwa na mwanamke wa nje. Hakuwa na nyumba ya pili ng'ambo ya ziwa, wala hakuna mtoto popote mwenye masikio kama yake. Alhamisi zake, ambazo sasa kila mtu anazizungumza kana kwamba alizihesabu mwenyewe, alizipitisha katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, kile chenye ramani za kale na birika la chai linalovuja. Mkewe, Attracta, amefika hapo kwa miguu yake na kukaa kwenye kiti alichokalia mumewe. Anayetaka kujua ilivyokuwa, ni hivi. Asiyetaka, na aendelee kumsikiliza Concepta Tansey.

Uvumi ulianzia kwenye tangazo la kifo. Watu wa Drumkeelan husoma matangazo ya vifo kwenye simu kabla hata ya kuchungulia dirishani kuona kama mvua inanyesha. Chai ya kwanza, vifo. Chai ya pili, hali ya hewa. Chini ya kila tangazo kuna nafasi ya kuandika rambirambi, nazo husomwa kwa makini kuliko tangazo lenyewe, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoona nani ameandika, nani amenyamaza, na nani ameandika maneno machache kuliko ilivyotarajiwa kwake. Fintan alikuwa daktari wa mifugo. Alifariki mwezi wa Februari, ghafla, ndani ya banda la mkulima mmoja, mkono wake ungali begani mwa mtamba aliyekuwa akimtibu. Rambirambi zilimiminika kutoka wilaya tatu. Zote zilikuwa za kawaida isipokuwa moja:

"Alhamisi zimekufa pamoja nawe, Tabibu wa Mwiba. Nani atanisomea sasa? Lala pema. Ni mimi, Mchawi wako wa Ziwani."

Basi. Jina jingine halikuwapo.

Attracta hakuiona. Mwenye msiba hana muda wa kusoma rambirambi. Ana sandwichi za kuwakatia watu. Aliletewa wiki tatu baadaye na Concepta, jirani yake wa miaka thelathini, aliyekuja na pai ya tufaha chini ya kitambaa na simu ndani ya mfuko wa aproni.

"Attracta, dada yangu, unanijua mimi si mtu wa maneno."

"Keti, Concepta."

"Ila nikasema, ukija kuyasikia kwa wengine utanilaumu."

"Nitakulaumu hata hivyo. Sema."

Concepta akampa simu. Attracta akavaa miwani, akasoma mara moja, akairudisha.

"Huenda ni mteja wake tu," Concepta akasema kwa huruma nyingi mno. "Mtu mwenye bata. Kule ziwani bata ni wengi."

"Bata hawasomewi, Concepta."

"Ndivyo nilivyowaambia! Nikawaambia, jamani, mwacheni marehemu apumzike."

"Uliwaambia akina nani?"

Concepta akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni kwake. Attracta akamwuliza habari za goti lake, akamshukuru kwa pai, akamsindikiza mpaka langoni huku amenyoosha mgongo, maana alijua mapazia mangapi yanatazama mtaa ule. Kisha akarudi ndani na pai akawapa kuku.

Attracta ni binti wa mfamasia wa zamani wa mji, na kwa miaka thelathini na sita alifundisha Kilatini na historia katika shule ya wasichana. Mpaka leo kuna wanawake wenye wajukuu ambao huficha sigara wakimwona anakuja. Nyumba ya baba yake haikuwahi kuwa gumzo la mtu, wala ya kwake, na alijivunia jambo hilo kuliko shahada yake. Alipoolewa na Fintan, mwana wa wafugaji wa mlimani, kuna waliosema ameshuka ngazi. Hakuwajibu. Aliishi naye miaka arobaini na moja, akamfundisha kuvua buti nje ya mlango, na hilo likawa jibu.

Na Fintan mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kumtuliza ng'ombe mwenye uchungu, naye aliitumia hiyo hiyo kwa watu, kwa hiyo watu walimwambia mambo. Alisoma gazeti la wakulima na kitabu cha sala. Alipopita karibu na mti wa mwiba mweupe unaosimama peke yake katika shamba la kina Tansey aligusa kofia, kama mama yake alivyomfundisha, kwa sababu mti wa namna hiyo una wenyewe. Drumkeelan, wale viumbe wasioonekana wanaoishi chini ya vilima hawatajwi kwa jina. Huitwa Watu Wema, ili wasije wakaudhika. Attracta, aliyesoma vitabu, alimcheka. Naye alicheka pia, na kofia akaendelea kuigusa.

Kila Alhamisi, baada ya kula, alivaa shati safi.

"Kamati ya wafugaji," alikuwa akisema.

"Nitolee salamu," alikuwa akijibu Attracta, bila kuinua macho kwenye gazeti. Hakuwahi kuuliza zaidi. Mke anayeuliza, aliona, ameshakubali kwamba pana la kuulizwa.

Sasa akampigia simu katibu wa kamati ya wafugaji.

"Kamati ipi, Bi. Gilhooly?" yule mzee akashangaa. "Ile yetu tuliivunja mwaka wa nne huu. Tulikuwa tumebaki wawili, na mmoja hasikii."

Attracta akakata simu polepole.

Wakati huo fundi wa mawe alikuwa akisubiri. Jiwe la kaburi lilikwisha chaguliwa, itale ya kijivu, na maneno yake kule ni yale yale kwa kila mtu aliyeoa: jina, tarehe, na "mume mpendwa wa" fulani, kisha nafasi huachwa chini kwa ajili ya fulani huyo. Fundi alikuwa amepiga simu mara mbili kutaka idhini. Mara zote mbili Attracta alimwambia bado anafikiri. Alichokuwa akifikiria ni neno moja tu, "mpendwa". Alikuwa ametumia maisha yake akiwazuia wasichana wasiandike neno wasilolijua maana. Hakuwa tayari kuchonga uongo juu ya itale, kisha yeye mwenyewe aje alale chini yake mpaka siku ya kiama.

Hali ilikuwa hivyo maktaba ilipopiga simu, Alhamisi moja mwezi wa Aprili.

"Kitabu alichoomba Daktari kimefika," mkutubi akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayekanyaga barafu. "Alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Hawakutaka jina lake lifutwe."

"Hawakutaka akina nani?"

"Wale wa Alhamisi, Bi. Gilhooly. Wako hapa sasa hivi."

Attracta akavaa koti lake la kanisani, akapaka rangi ya mdomo, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi, akashuka mjini. Alikuwa ameshapanga sentensi ya kumwambia huyo mwanamke. Ilikuwa fupi na haina kosa.

Mkutubi alimkabidhi kitabu kinene cha rangi ya zambarau. Jaladani palikuwa na mwanamke mwenye mvi na mabawa, na mbele yake mwanamume amepiga magoti akimfunga kamba za kiatu. Kiliitwa *Ng'ambo ya Mto Kimya, Kitabu cha Tano*. Attracta akakigeuza nyuma na mbele akitafuta ng'ombe. Hakuna.

Akafungua mlango wa chumba cha ramani.

Walikuwa watatu kuzunguka meza, na keki ya mdalasini katikati. Malachy, mwenye kuleta barua, mtu wa makamo mwenye kigugumizi tangu utotoni. Uzoamaka, muuguzi wa nyumba ya wazee, aliyetoka Enugu miaka kumi na miwili iliyopita na sasa anawakemea wazee wa Drumkeelan kwa lafudhi yao wenyewe. Na Muireann Keaveney, binti wa miaka ishirini na sita anayeuza dawa za mifugo katika duka la ushirika, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kiti cha nne kilikuwa kitupu, na juu yake pana mto mdogo wa mgongo ambao Attracta aliutafuta nyumbani mwaka mzima.

"Nani kati yenu," Attracta akasema, "ni Mchawi wa Ziwani?"

Muireann akainua mkono, kama darasani. "Ni mimi, Mwalimu."

Ile sentensi fupi isiyo na kosa ikamtoka Attracta kichwani. Alimtazama yule binti, akatazama keki, akatazama ule mto.

"Mwalimu, naomba unisamehe," Muireann akasema, macho yamejaa machozi. "Nililia usiku kucha, asubuhi nikaandika kama nilivyozoea kumwandikia. Ni majina ya kitabuni. Tulipiga kura. Tabibu wa Mwiba ni mzee wa Watu Wema anayetibu wanyama, na Mchawi wa Ziwani ni mwanafunzi wake. Kila barua anamalizia hivyo, 'Mchawi wako'. Sikujua mji utayachukulia hivyo. Halafu nilipojua nikaona aibu kuja kwako."

"Mji ungemwuliza hata paka, angeujibu," Uzoamaka akadakia. "Muireann ana mtu wake. Yule Gráinne wa duka la mikate. Mbona kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua," Attracta akasema.

"Kwa sababu wewe, mama, hakuna anayethubutu kukusengenyea."

Attracta akalifikiria hilo. "Gráinne nilimfundisha," akasema mwishowe. "Kilatini chake kilikuwa kizuri kuliko chako, Muireann."

"Bado anaringa nacho, Mwalimu."

Hapo Malachy akavuta kile kiti kitupu nyuma kidogo, na Attracta akakaa.

Wakamsimulia, wakipokezana na kukatizana. Miaka mitatu nyuma Fintan aliingia dukani kununua dawa ya minyoo, akamkuta Muireann analia nyuma ya kaunta. Akamwuliza ni mnyama gani amekufa. "Farasi, Daktari. Farasi mwenye mabawa." Amekufa kwa nini? "Uzazi." Fintan akaomba aone. Akausoma ukurasa ule amesimama pale pale, wakulima wawili wakisubiri nyuma yake, akasema huyu mwandishi hajapata kumwona farasi akizaa. Akaomba kitabu akakague makosa mengine. Hakukirudisha kwa siku nne. Alhamisi iliyofuata alikuwa mlangoni hapa, kofia mkononi, akiuliza kama kinachofuata kinapatikana, kwa ajili ya ukaguzi tu.

"Ukaguzi!" Malachy akacheka. Alipocheka kigugumizi kilimwacha. "Kitabu cha tatu a-a-alikililia mpaka Uzoamaka akampima presha."

"Ilikuwa juu," Uzoamaka akasema. "Wale malkia wawili walipooana, ikapanda. Nikamwambia, Daktari, kunywa maji, ni hadithi. Akaniambia, 'Najua ni hadithi, mama, ila wamesubiri vitabu viwili.'"

Attracta akawauliza wao walifuata nini humo, kwa sauti ya mtihani wa mdomo. Malachy akasema kuna mwana wa mfalme asiyesikia, anayechumbia kwa ishara za mikono, na yeye Malachy tangu azaliwe hakuwahi kusoma habari za mpenzi ambaye hakuwa fundi wa kusema. Muireann akasema Mchawi wa Ziwani hatembei, husafiri juu ya korongo mkubwa, na katika vitabu vyote vinne hakuna hata mmoja aliyemwombea apone miguu. Wanamwomba tu asiendeshe kwa kasi. Uzoamaka akakata kipande cha keki, akamwekea Attracta mbele bila kumwuliza.

"Mimi nitakwambia," akasema. "Kwetu mchawi ni wa kufukuzwa. Kwenu mlimchoma. Humu mchawi amesuka nywele kama zangu, na kuna mtu amepanda mlima kwenda kumwomba msamaha. Nilisoma mara tatu. Nikampigia mama yangu simu."

"Na Fintan?" Attracta akauliza. "Yeye alimpenda nani humo?"

Wote watatu wakatazamana.

"Bi. Sorvane," Muireann akasema. "Sisi tulimchukia. Ni mchawi mwalimu, ana miaka hamsini na minane. Anasahihisha barua za wapenzi kwa wino mwekundu na kuzirudisha. Daktari alikuwa akimtetea kila Alhamisi. Alisema, 'Hamumjui huyu. Anasahihisha kwa sababu hiyo ndiyo namna yake ya kumshika mtu mkono.'"

"A-akasema," Malachy akaongeza, "'Mimi nimeoa mmoja. Siku asiponisahihisha, namwekea maji ya moto miguuni, najua anaumwa.'"

Maji ya moto miguuni. Attracta aliikumbuka ile chupa ya mpira aliyokuwa akiikuta kitandani. Kwa miaka arobaini na moja alidhani ni bahati tu kwamba mumewe huhisi mafua yake kabla yeye hajapiga chafya.

Birika likadondosha matone yake juu ya sahani.

"Kwa nini hakuniambia?"

Muireann akasema, taratibu, "Kidato cha tatu ulininyang'anya kitabu cha namna hii, Mwalimu. Ukasoma sentensi moja mbele ya darasa."

Attracta alikumbuka. Alikumbuka mpaka sauti aliyoitumia, ile ya pua, na darasa lote likacheka, na jioni akaenda kuirudia mezani kwa Fintan, naye hakucheka. Alisema tu, "Maskini mtoto," akaendelea kumenya kiazi.

"Nilikurudishia mwisho wa muhula," Attracta akasema.

"Ndiyo. Ukiwa umerekebisha mikato yote."

"Ile sentensi..." Attracta akasafisha koo. "Ile sentensi haikuwa mbaya."

"Ilikuwa nzuri, Mwalimu."

"Ilikuwa nzuri. Nisamehe, Muireann."

Uzoamaka akasema hakuna mtu kulia kabla ya sura ya kwanza, ni sheria. Wakamweleza kwamba Fintan ndiye alikuwa msomaji wao, kwa sababu ya ile sauti, na kwamba tangu Februari hawajafungua kitabu. Wamekuwa wakija kunywa chai na kurudi makwao. Cha tano kilikuwa chake kwa haki ya orodha. Sasa kilikuwa mapajani mwa Attracta.

Akavaa miwani. Akawasomea sura ya kwanza nzima, ameketi wima, kwa matamshi ya darasani. Ukurasa wa sita alisimama na kusema hapa palitakiwa mkato, na watatu wale wakaangua kicheko mpaka mkutubi akachungulia. Hawakumcheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliorudishiwa kitu.

Alipoondoka Muireann akamtilia mfukoni kitabu cha nne, nakala ya Fintan, imechoka kona. Fintan alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, kwa mwandiko ule wa kuandikia dawa. Mahali pengi ni mambo ya kazi: "Kwato haziko hivi." "Ampe joto kwanza." Mahali pengine: "Watu Wema wa humu wana adabu kuliko wetu." Na ukurasa wa mwisho, pale Bi. Sorvane anapopokea barua isiyo na kosa hata moja na asijue la kufanya, kulikuwa na mistari miwili ambayo haikuhusu farasi wala kwato.

Asubuhi yake Attracta alimpigia simu fundi wa mawe. "Mpendwa," akamwambia. "Andika kama tulivyokubaliana. Na uchonge kwa kina, mvua ya huku unaijua."

Ikabaki gazeti. Drumkeelan, miezi michache baada ya mazishi, familia hutoa tangazo la shukrani: kwa paroko, wauguzi, wachimba kaburi, waliopika na waliosimamia magari. Lisipotoka, familia inahesabiwa haina malezi. Attracta aliliandika mwenyewe. Akamshukuru paroko, akamshukuru mkulima mwenye banda na mtamba wake, ambaye amepona. Kisha, akiwataja wale watatu kwa majina yao ya kitabuni, akaandika: "Kwa namna ya pekee, Attracta Gilhooly, mke wa marehemu, anamshukuru Mchawi wa Ziwani, pamoja na Msafiri wa Mikono Miwili na Malkia wa Chumvi, ambao kwa miaka mitatu, kila Alhamisi, katika maktaba ya mji, walimpa mume wake furaha ambayo yeye hakujua kumpa. Deni la wema huu halilipiki, nao hawakudai."

Concepta alifika kabla chai ya kwanza haijapoa, gazeti kwapani.

"Attracta, dada, wamekosea gazetini!"

"Hawakukosea. Nililisoma kabla halijachapwa."

"Umemshukuru mchawi! Na jina lako kamili! Watu watasema nini?"

"Watasema alikuwa anasoma vitabu vya mapenzi. Ni kweli, alisoma. Vinne vizima. Cha tano nakisoma mimi, na Alhamisi hii tuko sura ya tisa. Ukitaka kuja, lete pai, ila usiweke mdalasini, keki yao inatosha."

Concepta akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa na jingine, lilionekana likimpanda kooni.

"Malachy aliniambia..." akaanza. "Alipoleta barua. Anasema Daktari aliandika kitu kwa penseli, mwisho wa kitabu cha nne. Kuhusu wewe. Aliandika nini, dada?"

Kitabu chenyewe kilikuwa pale mezani, kati ya buli na bakuli la sukari. Attracta alikichukua, akakifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo, akakiweka katika kabati la baba yake la kioo, akageuza ufunguo.

"Aliniandikia mimi," akasema. "Kunywa chai yako, Concepta. Sisemi zaidi."